Gurudumu moja likifunga, difu tatu hufanya nini?

Magari yanayosukumwa na magurudumu yote manne yamekuwa kipenzi cha wengi, kuanzia milima na mchanga wa Oman hadi barabara zenye theluji za Uingereza na Marekani. Hata hivyo, ni wachache wanaofahamu kinachojiri chini ya sakafu ya gari pale gurudumu moja au zaidi linapoacha kuzunguka. Makala yetu ya sayansi na teknolojia inalieleza jambo hilo, ambalo linaweza kugharimu difu, giaboksi, na hata maisha ya mtu.

Mpenzi msikilizaji, chukua mfano huu. Dereva wa Land Rover ya zamani anaegesha kando ya barabara yenye mteremko. Tairi la nyuma limepasuka. Anavuta breki ya mkono hadi mwisho, anaiacha gia huru, anatoa jeki na kuanza kuliinua gari. Mara tu tairi bovu linapoachana na ardhi, gari linaanza kuteremka. Jeki inaanguka, na dereva anayechungulia uvunguni ana bahati akiwahi kuutoa mkono wake.

Breki ile haikuwa mbovu. Waya wake haukukatika, na mkono wake ungali juu pale pale ulipovutwa. Kilichomsaliti dereva ni difu, kifaa kilekile kinachomwezesha kukata kona kila siku bila matatizo. Ili kuelewa imekuwaje, hatuna budi kwanza kujua difu hufanya kazi gani.

Mizani yenye sahani mbili

Gari linapokata kona, magurudumu yake hayaendi mwendo sawa. Gurudumu la nje huzunguka duara kubwa, na la ndani duara dogo. Tuseme gari linapinda kwa nguvu, gurudumu la ndani likifuata duara lenye nusu kipenyo cha mita 5 na la nje mita 6 na nusu. Ikiwa gari linakwenda kilomita 15 kwa saa, tofauti ya mwendo baina ya magurudumu hayo mawili ni kiasi cha kilomita 4 kwa saa. Lau yangeunganishwa kwa chuma kimoja kisichopinda, lazima moja lingeburuzwa.

Tatizo hilo lilipatiwa ufumbuzi kabla ya kuwepo kwa magari ya petroli. Mwishoni mwa miaka ya 1820, fundi saa wa Ufaransa, Onésiphore Pecqueur, alisajili ubunifu wa difu kwa ajili ya gari la mvuke. Ndani ya difu mna gia ndogo zinazokaa katikati ya shafti mbili. Gari likienda moja kwa moja, gia hizo hutulia na kuzibeba shafti zote mbili kwa pamoja. Gari likikata kona, gia hizo huzunguka zenyewe, zikipunguza mwendo wa upande mmoja na kuongeza wa upande wa pili kwa kiasi kilekile.

Mfano wake ni mizani ya sahani mbili. Sahani moja ikishuka, nyingine hupanda kwa kadiri ileile, na mhimili wa kati hausogei. Ndivyo ilivyo kwa difu: mwendo wa kasha lake daima ni wastani wa mwendo wa magurudumu mawili. Gurudumu moja likisimama kabisa, la pili litazunguka mara mbili ya mwendo wa kasha. Na kasha likizuiwa lisizunguke, gurudumu moja likienda mbele, la pili litarudi nyuma.

Kuna kanuni ya pili ambayo mara nyingi husahaulika. Difu ya kawaida, isiyo na kufuli, huzipa pande zote mbili nguvu sawa. Haiwezi kulipa gurudumu moja nguvu kubwa na kuliacha jingine na nguvu ndogo. Gurudumu moja likiwa juu ya utelezi na halina cha kushikilia, basi hata lile lililoko kwenye ardhi ngumu litaambulia nguvu hiyo hiyo kidogo. Kanuni hizi mbili, wastani wa mwendo na usawa wa nguvu, ndizo ufunguo wa yote yatakayofuata.

Difu tatu katika gari moja

Gari la kawaida lina difu moja, ama mbele ama nyuma. Gari linalosukumwa na magurudumu yote manne wakati wote huwa nazo tatu: moja baina ya magurudumu ya mbele, moja baina ya magurudumu ya nyuma, na ya tatu katikati, baina ya ekseli mbili. Hiyo ya katikati inahitajika kwa sababu katika kona magurudumu ya mbele hupita njia ndefu kuliko ya nyuma. Range Rover iliyoingia sokoni mwaka 1970 ilitengenezwa kwa mpango huo, ikiwa na difu ya kati inayoweza kufungwa kwa kufuli pale dereva anapohitaji.

Yapo pia magari ambayo hayana difu ya kati. Mengi katika pick-up za kazi na magari ya safari za porini ni ya aina hiyo. Kwa kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma tu, na dereva akivuta gia ndogo ya pembeni, ekseli ya mbele huunganishwa moja kwa moja na ya nyuma. Kuanzia hapo ekseli hizo hulazimika kwenda mwendo mmoja, kana kwamba difu ya kati ipo na imetiwa kufuli. Mchangani au kwenye matope hakuna ubaya, kwa kuwa tairi huteleza kidogo na kusawazisha tofauti. Juu ya lami kavu tairi hazitelezi, na tofauti hiyo hugeuka kuwa msokoto ndani ya shafti. Dereva huhisi usukani mzito, gari huwa kama linajizuia lenyewe, na gia ya pembeni hugoma kutoka.

Breki zinapolifunga gurudumu

Sasa tuliangalie gari lenye difu tatu zisizo na kufuli, likikimbia kilomita 60 kwa saa. Dereva anakanyaga breki kwa ghafla, na gurudumu moja la mbele linapita juu ya mafuta yaliyomwagika. Gurudumu hilo linafunga, yaani linaacha kuzunguka ilhali gari lingali linakwenda. Mwenzake wa upande wa pili, kwa ajili ya mfano wetu, angali anazunguka karibu sawasawa na mwendo wa gari.

Hesabu ni nyepesi. Magurudumu ya mbele ni sifuri na 60, hivyo kasha la difu ya mbele linakwenda kwa wastani wa 30. Nyuma magurudumu yote mawili yako kwenye 60. Difu ya kati, ambayo tuichukulie kuwa inagawa nusu kwa nusu, ina 30 upande wa mbele na 60 upande wa nyuma, kwa hiyo inakwenda kwa 45. Ikiwa klachi haijakanyagwa, injini iliyokuwa ikizunguka mara 2,000 kwa dakika huburuzwa kwa mara moja hadi 1,500. Yakifunga magurudumu yote mawili ya mbele, difu ya kati hushuka hadi 30 na injini hadi 1,000. Yakifunga yote manne, injini ya gari la gia za mkono huzimika.

Je, difu huumia? Kwa sekunde moja au mbili, jibu ni hapana. Gia zake ndogo zinazunguka kwa kasi kuliko kawaida, lakini mzigo juu yake si mkubwa na mafuta yangalipo. Anayeumia kwanza ni tairi, ambalo husuguliwa mahali pamoja hadi likapata bapa. Hofu ya kwamba kila breki ya ghafla inavunja difu haina msingi.

Mambo hubadilika hali hiyo inapodumu. Katika difu nyingi zile gia ndogo hukaa juu ya pini ya chuma isiyo na beringi. Zimekusudiwa kusaidia tofauti ndogo za kona, kama zile kilomita 4 tulizozitaja, na kwa muda mfupi. Zikilazimishwa kuzunguka kasi kwa dakika kadhaa, mafuta husukumwa nje ya mahali yanapohitajika, chuma husugua chuma, joto hupanda, na pini hukwanguka au kung'ang'ania kabisa.

Kufuli na breki hazipatani

Hatari ya aina nyingine hujitokeza pale difu ya kati inapokuwa imetiwa kufuli. Wahandisi hulisanifu gari ili, breki zikikanyagwa kupita kiasi, magurudumu ya mbele yatangulie kufunga kabla ya ya nyuma. Sababu ni kwamba gari lililofunga mbele huenda moja kwa moja, halifuati usukani lakini pia halizunguki. Gari lililofunga nyuma hupoteza mkia wake na kupinduka mwelekeo.

Kufuli la difu ya kati huufuta mpango huo. Ekseli ya mbele na ya nyuma zimeshikana. Mbele ikifunga, nguvu ya breki zake hupita kwenye shafti na kwenda kuizuia nyuma pia. Matokeo yake magurudumu yote manne huwa yanafunga kwa pamoja, na dereva hana tena onyo wala usukani. Ndiyo maana watengenezaji husisitiza kwamba kufuli ni kwa ajili ya matope, mchanga na mawe kwa mwendo mdogo, wala si kwa barabara kuu iliyolowa mvua.

Mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu yasifunge, nao huchanganyikiwa. Kompyuta yake hutambua kwamba gurudumu linakaribia kufunga kwa kulilinganisha na mengine. Gurudumu moja likipungua kasi ghafla huku matatu yakiendelea, jibu liko wazi. Lakini magurudumu yote yakiwa yamefungamanishwa, hupungua kasi kwa pamoja, na kompyuta huweza kudhani kuwa ni gari lenyewe lililopunguza mwendo. Kwa sababu hiyo, magari mengi ya aina hii huwekewa kihisio cha ziada kinachopima jinsi gari linavyopunguza mwendo, bila kutegemea magurudumu. Aidha, katika magari kadhaa ya miaka ya 1980 na 1990 ABS huzimwa yenyewe mara dereva anapofunga kufuli, na taa yake huwaka kwenye dashibodi. Wapo waliodhani taa hiyo ni ubovu, wakapeleka gari gereji, kumbe ni kufuli lililosahauliwa.

Somo la mwaka 1966

Cha kustaajabisha ni kwamba wahandisi wa mwanzo waliugeuza uhusiano huo huo kuwa msaada. Mwaka 1966 kampuni ya Jensen ya Uingereza ilitoa gari lililoitwa FF. Herufi hizo ni kifupi cha Ferguson Formula, kwa heshima ya Harry Ferguson, mzaliwa wa Ireland ya Kaskazini aliyejulikana zaidi duniani kwa matrekta yake, na ambaye alifariki dunia mwaka 1960 kabla ya kuliona gari hilo barabarani.

Jensen FF lilisukumwa na magurudumu yote manne, asilimia 37 ya nguvu ikienda mbele na asilimia 63 nyuma. Difu yake ya kati haikuachiwa uhuru kamili. Ilidhibitiwa na klachi ambazo hazikuruhusu ekseli moja ipishane na nyingine kupita kiwango kidogo. Hivyo ekseli moja haikuweza kufunga peke yake. Kwa kuwa ekseli hizo zilitegemeana, haikuhitajika kulichunguza kila gurudumu. Kifaa kimoja tu cha kuzuia kufunga, kiitwacho Maxaret na kilichobuniwa na Dunlop kwa ajili ya ndege, kilitosha kuusoma mwendo kutoka kwenye mitambo ya gia.

Magari hayo yaliyotengenezwa hayakuzidi mia tatu na ishirini, kwani bei yake ilikuwa kubwa mno. Hata hivyo, yaliwathibitishia wahandisi waliofuata kwamba breki na difu za gari la namna hii si mambo mawili ya kutenganishwa. Ukigusa moja, umeligusa la pili.

Kiungo cha mafuta mazito

Baada ya hapo ulienea utaratibu mwingine, uliotumika sana katika miaka ya 1980 na 1990. Badala ya kufuli linalovutwa kwa mkono, wahandisi waliweka kopo lililofungwa lenye sahani nyingi za chuma zilizokaribiana, na ndani yake mafuta mazito ya silikoni. Nusu ya sahani zimeshikamana na ekseli ya mbele na nusu na ya nyuma. Tofauti ya mwendo ikiwa ndogo, sahani hupishana kwa ulaini. Ikiwa kubwa, mafuta hukorogwa, hupata joto, hutanuka, na mwishowe hulifanya kopo zima kuwa karibu kama kipande kimoja cha chuma.

Hapa ndipo suala la magurudumu yaliyofungwa linapomhusu kila mwenye gari, hata yule asiyewahi kuiona njia ya mchanga. Gari likiharibika na kukokotwa kwa gari la huduma lililoinua magurudumu ya mbele tu, yale ya mbele yamesimama na ya nyuma yanazunguka barabarani. Kwa upande wa difu ya kati, hiyo ni sawa kabisa na kufunga ekseli nzima, tena si kwa sekunde mbili bali kwa safari nzima. Kama difu haina kiungo chochote, gia zake ndogo husaga kilomita baada ya kilomita. Kama ina kiungo cha mafuta mazito, kiungo hicho huchemka, hushika, na kinaweza kulirusha gari kutoka pale liliponing'inizwa. Tiba ni moja tu: gari la aina hii libebwe zima juu ya lori, magurudumu yote manne yakiwa hayagusi barabara, isipokuwa kitabu cha gari kiseme vinginevyo.

Wasikilizaji wetu walioko Uingereza hukutana na jambo hili kila mwaka wanapopeleka gari kwenye ukaguzi wa lazima ujulikanao kama MOT. Breki za magari mengi hupimwa kwa kuziweka tairi za ekseli moja juu ya vigogo vya chuma vinavyozizungusha, huku ekseli nyingine imesimama sakafuni. Kwa gari linalosukumwa daima na magurudumu yote manne, kipimo hicho hakifai, kwani kinaweza kudhuru difu ya kati au kulifanya gari liruke kutoka kwenye vigogo. Fundi hupaswa kulipima kwa kuliendesha, akitumia kifaa kinachopima upunguaji wa mwendo. Si kosa kumkumbusha fundi kwa adabu kabla hajaanza kazi.

Mchangani na kwenye barafu

Tuligeuze sasa swali letu. Mpaka hapa tumezungumzia magurudumu yanayofunga gari likiwa katika mwendo. Je, ikiwa gari limesimama na magurudumu yaliyoshindwa kuzunguka ni matatu, nalo moja linazunguka peke yake?

Hali hii inafahamika vyema kwa waliowahi kukwama katika mchanga wa Sharqiyah nchini Oman, au kwenye barafu mbele ya nyumba huko Marekani. Kanuni ya wastani hutoa jibu la kutisha. Ikiwa difu zote tatu hazina kufuli na mshale wa spidi unaonyesha kilomita 30 kwa saa, gurudumu hilo moja linazunguka kwa kilomita 120. Difu ya kati huzidisha mara mbili, na difu ya ekseli ile huzidisha mara mbili tena. Dereva aliyekanyaga mafuta kwa hasira, akiutazama mshale na kujiona hajafanya kupita kiasi, anazisaga gia ndogo za difu kwa mwendo ambao hazikutengenezewa kamwe. Ghafla gurudumu hilo likipata pa kushika, pigo lake huweza kukata meno ya gia au shafti. Difu nyingi huvunjwa namna hiyo, wakati gari lenyewe halijasogea hata hatua moja.

Katika magari ya siku hizi breki imegeuka kuwa rafiki wa difu. Kumbuka kanuni ya usawa wa nguvu. Gurudumu linalozunguka ovyo lina ukinzani wa kipimo 100, kwa hiyo mwenzake naye anapata 100, haitoshi kulitoa gari. Kompyuta ikilikamata gurudumu hilo kwa breki yenye ukinzani wa 400, difu hulazimika kulipa kila upande 500, na gari huondoka. Kwa hiyo kulizuia gurudumu kwa makusudi kunaweza kufanya kazi iliyokuwa ya kufuli.

Tofauti ni kwamba kufuli halipotezi nguvu, bali breki huigeuza nguvu kuwa joto. Katika mlima mrefu wa mchanga na jua la Ghuba, breki zinaweza kupata moto hadi kompyuta ikausitisha msaada wake kwa muda. Ikitokea hivyo, busara ni kusimama, kupunguza upepo wa matairi na kuchimba, wala si kuzidi kukanyaga mafuta.

Breki ya mkono katika mbio za magari

Wapenzi wa mbio za Safari Rally, zilizoasisiwa Afrika Mashariki mwaka 1953 na kurejea katika mashindano ya dunia mwaka 2021 nchini Kenya, bila shaka wamewahi kuona dereva akivuta breki ya mkono kwenye kona kali. Anayafunga magurudumu ya nyuma ili mkia wa gari uteleze na pua ielekee anakotaka. Katika gari linalosukumwa na magurudumu yote manne, ujanja huo ungekuwa na madhara: difu ya kati iliyokazwa ingeipeleka breki mbele pia, na injini ingezimika. Ndiyo maana katika magari ya mbio mkono wa breki ukivutwa, muungano wa ekseli huachiliwa papo hapo, na ukirudishwa hukazwa upya. Baadhi ya magari ya kuuzwa kwa umma nayo huufungua muungano wa ekseli breki ya mkono inapovutwa. Lakini si yote. Kijana anayeiga ujanja huo kwa gari la baba yake hajui analo la aina gani mpaka siku ya kulipa fundi.

Kwa nini Land Rover ile iliteremka

Sasa tunaweza kurudi kando ya ile barabara yenye mteremko. Katika magari mengi breki ya mkono huyakamata magurudumu ya nyuma, kila moja kwa breki yake. Ukiliinua moja, la pili limebaki limekamatwa. Lakini katika Land Rover za zamani, zikiwemo Defender, breki ya mkono haiko kwenye magurudumu. Iko kwenye shafti inayotoka giaboksi kwenda difu ya nyuma.

Breki ikivutwa, kasha la difu ya nyuma husimama. Maadamu magurudumu yote mawili yako chini, gari haliwezi kwenda, kwa sababu ili moja liende mbele lazima la pili lirudi nyuma, na ardhi hairuhusu. Unapoliinua moja kwa jeki, unaiondoa ardhi hiyo. Lililo juu sasa liko huru kurudi nyuma, na kwa hiyo lililo chini liko huru kwenda mbele. Wastani wake ungali sifuri, difu imetii kanuni yake, na gari linateremka huku breki imekaza.

Jambo hili si la Land Rover pekee. Gari lolote lililoegeshwa kwa kutegemea gia tu, au ile herufi P ya gari la gia za kujiendesha, bila breki ya mkono, limezuiwa kwenye shafti na si kwenye gurudumu. Na kama gari lina difu tatu zisizo na kufuli, kuinua gurudumu lolote kati ya manne kunaweza kuyaachia mengine yote.

Kinga yake haihitaji fedha. Kwanza, tafuta mahali tambarare. Pili, weka kabari au mawe makubwa mbele na nyuma ya magurudumu yanayobaki chini, kabla ya kuigusa jeki. Tatu, vuta breki ya mkono na pia tia gia. Nne, kama gari lina kufuli la difu ya kati, lifunge, ili ekseli nyingine nayo ishikilie, na hakikisha taa yake imewaka. Na tano, usiingize mwili chini ya gari linaloshikiliwa na jeki peke yake, hata kwa dakika moja.

Kwa ujumla, mpenzi msikilizaji, difu haina uchaguzi. Haijui kama gurudumu limesimama kwa sababu ya breki, matope, lori la kukokota au jeki. Hulinganisha tu pande mbili, na upungufu wa upande mmoja huupeleka upande wa pili. Ni juu ya dereva kujua upande huo wa pili ni upi na nani amesimama karibu nao.

Wengi wenu mnaoishi ughaibuni hununua magari ya aina hii, kisha baada ya miaka michache huyasafirisha nyumbani kwa wazazi na ndugu. Gari hufika bandarini, lakini kitabu chake aghalabu hubaki nyuma, na kama kimefika kimeandikwa kwa lugha ambayo mpokeaji haisomi. Kabla ya kukabidhi funguo, mweleze atakayeliendesha mambo mawili matatu: breki ya mkono inakamata wapi, kufuli la difu linafungwa lini na kufunguliwa lini, na kwamba gari hilo halikokotwi magurudumu mawili yakiwa chini. Maelezo hayo ya dakika tano yanaweza kuiokoa difu, na huenda yakamwokoa mtu.

Na hadi hapo, mpenzi msikilizaji, ndipo tunapoikamilisha makala yetu ya leo. Tunakutakia safari njema popote ulipo.